Kazi ipi uitoe nje na ipi ubaki nayo: maswali ya wenye biashara ndogo

Natengeneza siagi ya karanga na unga wa lishe Mabibo, Dar es Salaam. Tuko watano, pamoja nami. Kila ninapokutana na wajasiriamali wenzangu, iwe kwenye maonesho ya Sabasaba au tukiwa kwenye foleni ya ofisi fulani, naulizwa mambo yale yale: hesabu nimpe mtu wa nje? Bodaboda nimwajiri au niwe namwita kwa safari? Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Ninapotaja sheria na kodi, ni za Tanzania Bara.

"Kutoa kazi nje" ndiyo nini? Wengine naona wanaita autososingi.

Ni kumlipa mtu au kampuni isiyo sehemu ya biashara yako ikufanyie kazi ambayo ungeifanya mwenyewe au ungemwajiri mtu aifanye. Huenda umeshaanza zamani. Ukipeleka mahindi mashineni yakasagwe, umetoa kazi nje. Mwenye duka la nguo anayempelekea fundi cherehani vitambaa nyumbani kwake na kumlipa kwa kila gauni, naye ametoa kazi nje. Mtu wa lebo, wa hesabu, wa ulinzi wa usiku, wa kufikisha mzigo kwa mteja, wote ni humo humo.

Biashara yangu ni mimi na binti mmoja tu wa kunisaidia. Kweli hili linanihusu?

Linakuhusu sana. Kampuni yenye watu mia mbili ikilipa kazi mbovu, mwezi ujao imeshasahau. Wewe ukilipa laki tatu kwa kazi mbovu, umelipa kwa fedha ya kodi ya fremu.

Faida yake hasa ni nini?

Kubwa kuliko zote, unalipia kazi pale tu inapokuwepo. Mwaka wa pili wa biashara nilikaribia kununua mashine ya kuchapia lebo. Nilishapata bei, nilishaanza kuomba mkopo kwenye kikundi. Kabla sijasaini nikafungua daftari, nikakuta nachapa lebo mara moja kila miezi miwili. Mashine ingefanya kazi siku moja au mbili, siku nyingine zote ingekaa imefunikwa kanga. Mpaka leo lebo zangu zinachapwa Kariakoo, na fedha ile ilinunua magunia ya karanga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini.

Pia unanunua uzoefu. Mhasibu anayeshika vitabu vya maduka ishirini ameshaona makosa ambayo wewe ungeyafanya mara ya kwanza, na baadhi ya makosa hayo yana faini. Kwa mambo ya mitambo, SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo, ipo tangu 1973 na ina ofisi mikoani. Kuna kazi za karakana ambazo ni afadhali uwapelekee wao kuliko kuanza kununua vifaa vyako.

Na kuna pumzi. Mama anayepika, anayefunga, anayeuza, anayepeleka mzigo na bado anaandika hesabu saa tano usiku hawezi kufika mbali, hata awe hodari namna gani.

Na hasara ambayo watu hawaioni mapema?

Bei kila mtu anaiona. Kinachofichika ni muda wako wa kufuatilia. Unapiga simu, unaambiwa "kesho", kesho unaambiwa "niko njiani", ukienda unakuta hata haijaanzwa. Siku mbili za kuzungushwa ni siku mbili za mauzo yako. Ukipiga hesabu ya kazi ya nje bila kuweka saa zako humo, umejidanganya.

Nyingine ni kwamba ujuzi hukaa kwa anayeifanya kazi. Jirani yangu alikuwa akitengeneza sabuni za maji. Alimpa mtu mwingine achanganye, yeye akabaki kuuza. Ilikwenda vizuri karibu miaka miwili. Yule mtu alipopandisha bei, jirani yangu alitaka kurudi kuchanganya mwenyewe, akagundua kwamba vipimo alivyokuwa navyo ni vya zamani, dawa zimebadilika, na wateja wamezoea ile harufu mpya asiyoijua inapatikanaje. Akalipa bei mpya. Hakuwa na njia nyingine.

Kuna na hili la wateja: kosa la mtu wa nje wanalihesabu kuwa lako. Bodaboda akimjibu mteja vibaya, mteja hatasema "bodaboda yule". Atasema jina la duka lako.

Nitajuaje kazi ya kutoa na kazi ya kubaki nayo?

Mimi najiuliza mambo mawili. Kazi ikirudi, naweza kuikagua nikajua kama ni nzuri? Na je, ni kwa sababu ya kazi hii ndiyo mteja ananifuata mimi na si mwingine? Lebo naweza kuikagua: rangi naiona, maandishi nayasoma, uzito ulioandikwa naulinganisha na mzani. Na hakuna mteja anayenunua siagi yangu kwa ajili ya karatasi. Kwa hiyo lebo inakwenda nje bila wasiwasi.

Kuchambua karanga ni jambo jingine kabisa, na hapa naomba nieleze kwa urefu kwa sababu nilikosea.

Kuna msimu oda zilizidi. Nikawapa akina mama wa mtaani karanga wakachambulie nyumbani, malipo kwa kilo. Walikuwa waaminifu, hakuna aliyeniibia hata kikombe. Lakini nilikuwa nimewalipa kwa kilo, na malipo ya kilo yanamlipa mtu kwa kasi. Hayamlipi kwa kutazama. Mama mwenye watoto wanne anayesubiri fedha ya jioni hawezi kukaa akigeuza punje moja moja. Magunia yakarudi haraka, na ndani nikakuta punje zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, kwa namna nilivyopanga malipo.

Kwenye chakula kosa hilo si dogo. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa au kuhifadhiwa vizuri, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 20 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mama anayenunua unga wa lishe anamlisha mtoto wa miezi minane. Tangu msimu ule kuchambua kunafanyika ndani, mezani, kwenye mwanga wa dirisha, na wachambuaji wanalipwa kwa siku. Ni ghali zaidi. Sitairudisha nje.

Kwa hiyo kama unauza chakula, fikiri mara tatu kabla ya kutoa uzalishaji wenyewe. Kumbuka pia kwamba wakaguzi wa TBS, shirika la viwango, ambao tangu Julai 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, wanaangalia jengo na vifaa unavyozalishia. Ukihamishia usagaji kwa mtu mwingine, nenda ukawaeleze kabla, usisubiri waje wakute.

Mhasibu nimwajiri au nimlipe wa nje?

Kwa biashara nyingi za saizi yetu, wa nje anatosha. Kazi yenyewe haijazi mwezi mzima, na matokeo yake yana tarehe: ritani, yaani taarifa ya kodi, imewasilishwa au haijawasilishwa.

Ila kuandika mauzo na matumizi ya kila siku usimwachie. Hiyo ni yako. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mhasibu wa nje anapangilia tu kile ulichomletea. Ukimpelekea mfuko wa risiti zilizofutika mwisho wa mwaka, atakutungia hesabu, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Kabla ya kumpa kazi, uliza kama amesajiliwa na Bodi ya Wahasibu, NBAA, na kama anakwenda mbele ya TRA, mamlaka ya mapato, kama mshauri wa kodi, uliza usajili wake huko. Kisha shika hili: akaunti yako ya mtandao wa TRA ifunguliwe kwa namba yako ya simu na barua pepe yako. Nywila uwe nayo wewe. Kila anapowasilisha ritani, akutumie uthibitisho siku hiyo hiyo. Namfahamu mama mmoja aliyelipa mhasibu kila mwezi kwa mwaka mzima, kumbe hakuna kilichowasilishwa. Alikuja kujua kwa barua ya adhabu.

Bodaboda nimwajiri au nimwite kwa safari?

Hili ni la kalamu na karatasi. Chukua bei zako mwenyewe. Hizi hapa ni za mfano tu.

Safari moja Sh 4,000. Ukiwa na safari mbili kwa siku, siku 26 za mwezi, ni safari 52, yaani Sh 208,000. Mwite kwa safari, usiwaze mara mbili.

Sasa tuseme unamwajiri. Mshahara Sh 400,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, sehemu ya mwajiri asilimia 10, Sh 40,000. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5, Sh 2,000. Mafuta Sh 180,000. Jumla Sh 622,000. Ukigawanya kwa Sh 4,000 unapata safari 155 na ushee, ambazo ni kama sita kwa siku. Na hapo pikipiki hujainunua, tairi hujabadilisha, bima hujalipa, na hujahesabu siku 28 za likizo yenye malipo anazostahili kila mwaka.

Kwa hiyo chini ya safari sita kwa siku mimi nisingeajiri. Zikizidi kwa miezi mitatu mfululizo, ndipo nirudi kwenye karatasi. Mwezi mmoja wa Desemba usikuhadae.

Chagua vijana wawili au watatu wa kijiwe kimoja, wenye leseni, uwazoee na wakuzoee. Mwambie mteja alipe kwa lipa namba yako, fedha isipite mkononi mwa dereva, maana inamwepusha yeye na lawama kama inavyokuepusha wewe na hasara.

Nikimlipa mtu kwa kazi na si kwa mwezi, basi si mfanyakazi wangu, sivyo?

Hapana. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa.

Sheria haiangalii mlivyoitana. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata moja kati ya mambo kadhaa. Namna anavyofanya kazi unaiongoza wewe. Saa zake unazipanga wewe. Amekuwa sehemu ya taasisi yako. Amekufanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kipato chake kinakutegemea wewe. Vifaa umempa wewe. Hana mwingine anayemfanyia kazi.

Isome tena ukimfikiria yule kijana "wa kibarua" anayekuja kwako kila asubuhi saa mbili, anatumia mashine yako, na ukimwambia asije hana pa kwenda. Huyo ni mfanyakazi wako. Ana haki ya likizo na michango ya NSSF, na siku ukimwambia "usije tena" anaweza kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30.

Nasema hivi pia kwa sababu ni haki. Wapo wanaotoa kazi nje ili tu kukwepa michango ya watu walewale waliokaa nao miaka. Anayefanya hivyo ameuhamishia mzigo wake mtu maskini kuliko yeye. Mtu wa nje wa kweli ana vifaa vyake, ana wateja wengine, na anaweza kukukatalia kazi.

Niliwahi kusikia serikali ilipiga marufuku autososingi. Vipi tena?

Kilichogusa watu mwaka 2014 ni kanuni za mawakala binafsi wa ajira. Kulikuwa na mawakala waliokuwa wakiajiri watu kwa jina lao na kuwapeleka kufanya kazi kwenye kampuni nyingine kwa miaka, wakala akikata chake katikati. Kanuni zile zilimzuia wakala kuwa mwajiri wa watu hao. Kazi yake ikabaki kuwakutanisha mtafuta kazi na mwajiri. Kumpa mtu tenda ya lebo, hesabu au usafi hakumo humo.

Ukurasa wangu wa Instagram anaendesha kijana wa nje. Kuna ubaya?

Kuendesha hakuna ubaya. Kumiliki ndiko kuna ubaya. Wa kwangu wa kwanza ulifunguliwa kwa namba ya simu ya kijana aliyekuwa akiupigia picha. Alipata kazi mkoani, laini ikapotea, na mimi nikapoteza ukurasa wenye wateja wa miaka mitatu. Hakuwa na nia mbaya, hata alinisaidia kujaribu kuurudisha. Tulishindwa. Siku hizi kila kitu kinafunguliwa kwa laini ya biashara, na laini hiyo inakaa kwenye droo yangu.

Angalia pia majina na namba za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na inakuhusu hata wewe mwenye daftari la wateja mia mbili. Ukimkabidhi mtu namba zao, mpe zile tu anazohitaji kwa kazi ya siku hiyo, na muandikiane kwamba hatazitumia kwingine.

Kazi ya kujibu wateja nimeirudisha kwangu. Mama akiuliza kama unga una soya kwa sababu mwanawe anavimba midomo, sitaki ajibiwe na mtu anayeandika "tunakujali" bila kujua gunia lina nini.

Mkataba ni lazima? Tunafahamiana vizuri tu.

Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, ila jaribu kuyathibitisha mkigombana. Hamhitaji wakili kwa kazi ya laki mbili. Ukurasa mmoja unatosha: kazi gani, kiasi gani, lini, bei gani, nani ananunua vifaa, ikiharibika nani anabeba, kazi ikikamilika ni mali ya nani, na mkitaka kuachana mnapeana taarifa ya siku ngapi.

Kama hata hilo ni zito, andika WhatsApp: "Tumekubaliana hivi na hivi," naye ajibu kwamba amekubali. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa namna hiyo unaweza kupokewa kama ushahidi mahakamani. Usiufute.

Kwenye nembo usione aibu kuandika wazi kwamba ukishalipa ni yako, pamoja na faili lake la asili. Kisha kasajili alama yako ya biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa jina lako.

Malipo ya awali nitoe kiasi gani?

Kinachotosha kununua vifaa, basi. Fundi aliyeshalipwa yote anawahi kazi ya yule ambaye hajalipa. Lakini kazi ikikamilika na ukaridhika, mlipe siku hiyo hiyo. Unayemzungusha leo ndiye utakayemhitaji wiki ya Idi, na atakuwa na mteja mwingine.

Shemeji yangu anajua kompyuta. Nimpe hesabu?

Jiulize kama utaweza kumwachisha. Kama ukifikiria tu kumwambia "kazi hii sijaridhika nayo" unaanza kuwaza kikao cha ukoo, usimpe.

TRA inahusikaje nikimlipa mtu wa nje?

Kwa njia mbili. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, kwa sababu bila risiti matumizi yako hayana ushahidi. Na kwenye malipo ya huduma kwa mkazi wa Tanzania ipo kodi ya zuio ya asilimia 5: mlipaji anaikata na kuiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ongeeni hilo kabla ya kukubaliana bei. Nimeona urafiki ukiharibika kwa sababu mtu alitarajia laki moja akapokea elfu tisini na tano.

Wafanyakazi wangu wamesikia nataka kutoa kazi nje, wamenuna.

Wana haki ya kuogopa. Wakalishe uwaambie kazi gani inatoka, kwa nini, na wao watafanya nini. Nilipotoa usafirishaji, dada aliyekuwa akihangaika na mizigo nilimweka kwenye kupima na kufunga. Leo hakuna ndoo inayotoka bila yeye kuigusa. Kama kweli kuna mtu atapunguzwa, kuna taratibu za sheria, kuna taarifa na kuna kiinua mgongo. Afuatwe kwa hizo, na aambiwe mapema.

Nilishatoa kazi na sasa nataka kuirudisha ndani. Nianzie wapi?

Usimtangazie kwanza yule anayekufanyia kazi. Kusanya vitu vyako taratibu: mafaili, nywila, vipimo, orodha ya wanaomuuzia malighafi, sampuli ya kila kitu. Omba ukae naye siku mbili tatu uone anavyofanya, mlipe kwa muda huo. Kisha mpe taarifa mliyokubaliana na umalizie deni lake lote.

Panga mwezi mmoja kazi ifanyike pande zote mbili, kwako kidogo na kwake kidogo. Utalipa mara mbili mwezi huo, lakini mteja hatakosa mzigo. Jirani yangu wa sabuni sasa yuko katika mwezi huo. Anachanganya lita ishirini kila Jumamosi, anawagawia majirani, anatuuliza kama harufu imefika. Wiki iliyopita nilimwambia bado kidogo.